Mtoto Amekwama Wapi?



Ukipita Tandale, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni, uanzie Sokoni, upinde Mtogole, utokezee Pakacha au Kwa Tumbo, utawakuta watoto bado wamevaa sare za shule, daftari mkononi, wanawahi tuisheni. Wengine wanakaa kwenye mabenchi barazani, wengine wamebanana ndani ya chumba kimoja cha kupanga, ubao umeegemezwa karibu na mlango ili upate mwanga. Hela ya kukaa pale imetoka kwa mama aliyeamka alfajiri kukaanga vitumbua, au kwa baba aliyeshinda sokoni akishusha magunia ya mahindi na mchele. Nayasema haya mapema kwa kuwa wapo wanaoamini kwamba mtoto wa uswahilini anafeli kwa sababu mzazi wake hajali shule. Hilo si kweli. Mzazi wa Tandale anajali, na anajali kwa fedha yake mwenyewe, wiki baada ya wiki.

Basi jioni hii nauliza kwa niaba yake: hela ile inamnunulia mtoto nini?

Jibu langu ni kwamba tuisheni humsaidia mtoto pale tu anayemfundisha anapojua kwanza mtoto huyo amekwama wapi. Asipojua, mtoto anarudia jioni kile kile kilichompita asubuhi, kwa kasi ile ile, na anarudi nyumbani amechoka mara mbili. Kujua alipokwama kunahitaji kupima. Kupima tunapima sana, ila tunapima ili tupange nani wa kwanza na nani wa mwisho, kisha karatasi tunaiweka kabatini.

Hebu tuhesabu mitihani ya mtoto wa shule ya msingi. Kuna majaribio ya wiki na ya mwezi. Kuna mtihani wa nusu muhula na wa mwisho wa muhula. Akifika darasa la nne anakutana na Upimaji wa Kitaifa. Darasa la saba ndiyo kabisa: mtihani wa majaribio wa kata, wa wilaya, wa mkoa, halafu ule wenyewe wa kumaliza elimu ya msingi, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mitihani hiyo ina kazi yake. Taifa lazima lijue nani amefaulu na nani anaendelea kidato cha kwanza.

Lakini mtoto akirudi na karatasi yake nyumbani, swali letu la kwanza ni moja: umekuwa wa ngapi? Akisema wa 12 kati ya 110, tunamsifu. Akisema wa 98, anasemwa hadi analala bila kula vizuri. Sasa mzazi mwenzangu, nafasi ya 98 imekuambia nini? Haikukuambia kama mtoto hajui kusoma, au anasoma vizuri ila hajui kugawanya, au anajua yote hayo ila haoni ubaoni na anahitaji miwani. Umejua kwamba yuko nyuma. Nyuma ya nini, hujui, na mwalimu wa tuisheni utakayempelekea kesho hajui pia.

Mwezi Januari 2023, NECTA ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, ilieleza kwamba haitataja tena shule kumi bora wala wanafunzi bora kitaifa, kama tulivyozoea. Watu wengi walinung'unika. Mimi niliona ni uamuzi sahihi, na ningependa ushuke mpaka darasani na mpaka sebuleni kwetu.

Upo upimaji wa namna nyingine, na nchi hii inaujua. Mwaka 2010, mpango wa Uwezo ulio chini ya shirika la Twaweza ulituma watu wa kujitolea kwenda nyumba kwa nyumba kuwapima watoto. Mfano waliuchukua India, ambako shirika la Pratham lilianza upimaji kama huo mwaka 2005. Mtoto hukaa na mpimaji uso kwa uso, peke yake. Anaonyeshwa silabi. Akizisoma, anapewa maneno. Akiyasoma, anapewa aya fupi, na mwisho hadithi ndogo ya kiwango cha darasa la pili. Hesabu ni hivyo hivyo: kuhesabu vitu, kutambua namba, kusema ipi ni kubwa, kujumlisha, kutoa, kuzidisha. Kazi yote inamalizika kwa dakika chache, bila namba ya mtihani na bila kalamu nyekundu. Pale mtoto anaposhindwa, mpimaji ameshajua alipo.

Matokeo ya mwaka ule yaliwashtua wengi. Kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, karibu watatu tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Na kati ya watoto watano wanaomaliza shule ya msingi, mmoja hakuiweza. Nazungumzia Kiswahili, lugha wanayocheza nayo na kugombania mpira nayo. Miaka miwili baadaye, 2012, taifa lilishtuka tena kusikia kuna vijana waliofika kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Walikuwa wamekaa darasani miaka saba. Waliitwa majina kila asubuhi, walifanya mitihani yote niliyoitaja, wakapangwa nafasi kila muhula, na hakuna aliyekaa nao dakika kumi kuwasikiliza wakisoma.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa, uzito ukawekwa kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Januari 2016 ikaja elimu bila ada, watoto waliokuwa wamebaki nyumbani wakaingia shuleni, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini madarasa yakafurika. Kiwango chetu cha kitaifa ni watoto 45 kwa darasa moja la shule ya msingi. Mjini utaona darasa lenye watoto mara mbili ya hao, na zaidi. Kipindi ni dakika 40. Mwalimu mwenye watoto 100 akimpa kila mmoja dakika moja tu, kengele inagonga hajafika hata nusu. Kwa hiyo mwalimu anafundisha kwa kufuata muhtasari. Anayemfuata anamfuata, na anayebaki anabaki kimya.

Tuangalie jinsi kubaki huko kunavyokuwa. Tuseme mtoto yuko darasa la tano, na mada ya wiki ni kujumlisha sehemu: nusu ongeza theluthi. Anakosa. Jioni tuisheni inarudia sehemu, anakosa tena. Mwalimu anasema huyu mzito, wenzake wanamwita kilaza. Lakini ukikaa naye na kuchimba, utaona sehemu hazina kosa. Ili ajumlishe sehemu zile lazima atafute kigawe kidogo cha shirika, yaani KDS, na KDS inataka ajue kuzidisha. Kuzidisha hakujui, kwa sababu jedwali alilikariri kama wimbo bila kujua kwamba tatu mara nne ni kuongeza nne mara tatu. Kosa la darasa la tano limezaliwa darasa la pili. Unaweza kumfundisha sehemu mwaka mzima asiambulie kitu. Mfundishe kuzidisha kwa wiki chache, kwa visoda au punje za maharage, utashangaa sehemu zinavyofunguka.

Kwenye kusoma madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu kusoma kumo ndani ya kila somo. Mtoto anayeunga silabi polepole akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Anafeli Sayansi, anafeli Maarifa ya Jamii, na mzazi anaambiwa alipe tuisheni ya masomo manne. Tatizo lake ni moja. Na akifika sekondari, ambako masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, mlima unakuwa mrefu maradufu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika elimu ukuta huo unalipiwa na mtoto.

Watu wa Tandale wanajua faida ya kupima kabla ya kutenda. Agosti 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa mitaa ya kata hii kuchora ramani yake. Walipita vichochoroni na vifaa vya kupimia, wakaweka alama kwenye mabomba ya maji, mitaro, vyoo, majalala, shule na njia zinazojaa maji mvua ikinyesha. Kabla ya hapo Tandale, kata iliyokuwa na watu zaidi ya 50,000, kwenye ramani nyingi ilikuwa doa tupu kati ya barabara kubwa. Ilipochorwa, mkazi aliweza kuonyesha kwa kidole mtaro ulioziba uko wapi. Mtoto wetu anastahili ramani ya namna hiyo: hapa anapita vizuri, hapa pameziba.

Kama unadhani kumpima mtu ili kujua alipo ni jambo geni, la kuletwa na wafadhili, nikurudishe nyuma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 maeneo sita yakachaguliwa kuanza kufuta ujinga, Dar es Salaam ikiwa mojawapo pamoja na Mafia, Ukerewe, Masasi, Upare na Kilimanjaro. Wazee wetu wakakaa chini ya miembe na kwenye ofisi za chama kujifunza kusoma. Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kisomo nchi nzima, walishiriki mamilioni. Matokeo hayakumpanga mtu wa ngapi kijijini. Yalimweka katika hatua, kuanzia ya kwanza mpaka ya nne: huyu ndiyo anaanza, huyu anatambua maneno, huyu anasoma sentensi rahisi, huyu anasoma na kuandika kwa matumizi yake. Walimu wengi hawakuwa na vyeti vya ualimu. Walikuwemo vijana waliomaliza darasa la saba na watumishi wa kila aina. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 kwa hesabu za serikali. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilihesabu asilimia 10 hivi. Taifa maskini liliweza.

Na dunia imeendelea kuthibitisha njia hiyo. Kule Mumbai na Vadodara, India, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Pratham iliajiri wasichana wakazi wa mitaa hiyo waliomaliza sekondari. Kila mmoja alichukua watoto 15 hadi 20 waliobaki nyuma, akawafundisha saa mbili kwa siku yale ya msingi waliyokosa. Waliofaidika zaidi walikuwa wale wa mkiani. Hapa jirani, magharibi mwa Kenya, mwaka 2005 shule 121 zilipewa mwalimu wa ziada kwa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kiwango chao, katika nusu nyingine waligawanywa bila kuangalia kiwango. Walipopimwa baadaye, waliofundishwa kwa kiwango chao walikuwa mbele, waliokuwa juu na waliokuwa chini pia. Kati ya watafiti waliofanya kazi hizo wapo Esther Duflo, Abhijit Banerjee na Michael Kremer, waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Mfano mwingine ni wa karibu na simu iliyo mfukoni mwako. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Kwetu zilifungwa Machi 17, na shule za msingi hazikufunguliwa hadi Juni 29. Nchini Botswana, walimu waliwapigia simu wazazi mara moja kwa wiki, kwa dakika 20 hivi, simu ya kawaida tu, wakafanya hesabu na mtoto na kumpa swali linalolingana na uwezo wake. Watoto waliopigiwa waliendelea. Waliotumiwa ujumbe mfupi peke yake hawakuonyesha faida kama hiyo. Sauti ya mtu anayemsikiliza mtoto ndiyo iliyofanya kazi.

Sasa tufanye nini Tandale?

Kwanza, kila anayefundisha tuisheni amsikilize mtoto kabla ya kupokea hela ya mwezi. Dakika kumi zinatosha. Mtoto asome kwa sauti ukurasa wa kitabu cha darasa la pili, aeleze alichosoma, afanye hesabu chache za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, tena aseme anavyofikiri anapofanya. Jibu lililokosewa lina habari nyingi kuliko jibu sahihi. Mtoto anayeandika 52 toa 27 ni 35 ametoa ndogo kwenye kubwa kila upande. Anajua kutoa, hajui kukopa. Hilo unalimaliza ndani ya juma moja.

Pili, wagawanywe kwa kiwango, si kwa darasa. Wa silabi wakae pamoja hata kama mmoja yuko la tatu na mwingine la tano. Hili lifanyike kwa saa moja tu ya kusoma na kuhesabu, na kundi libadilike kila mtoto anapopanda. Nasisitiza kubadilika, kwa sababu kundi lisilobadilika linageuka jina la aibu. Neno kilaza lipigwe marufuku kwenye kila baraza la tuisheni.

Tatu, wapimwe tena baada ya wiki nne au sita, kwa kipimo kile kile, na mzazi aonyeshwe. Mzazi asiyejua kusoma naye aonyeshwe; asikie mwanawe akisoma. Hapo ndipo atajua hela yake imekwenda wapi. Na kama hakuna kilichosogea, mwalimu abadilishe njia.

Nne, tutumie vijana tulionao. Mitaani kuna mabinti na vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita wanaosubiri matokeo au kazi. Wakifunzwa siku chache namna ya kupima na kufundisha silabi na namba, wanaweza kumsaidia mtoto wa la tatu. Walipwe kidogo kutokana na michango, wasitumikishwe bure hadi wachoke. Mahali papo: ofisi ya serikali ya mtaa, madrasa, ukumbi wa kanisa, darasa la shule baada ya saa za masomo. Mafunzo yafanyike mahali pa wazi panapoonekana, mlango usifungwe, na mtoto asibaki peke yake na mtu mzima chumbani. Usalama wa mtoto unatangulia somo.

Tano, karatasi ya kipimo ifike shuleni. Mwalimu wa darasa na mwalimu wa taaluma wakijua watoto wangapi bado wako kwenye silabi, kamati ya shule inaweza kupanga muda wao. Tuisheni iliyojitenga na shule ni kujenga kwa mikono miwili isiyojuana.

Najua kuna hoja dhidi ya haya. Mzazi wa darasa la saba ataniambia mtihani uko mlangoni, mwanangu hana muda wa kurudi darasa la pili, anahitaji mitihani ya miaka ya nyuma. Namwelewa. Lakini mtoto asiyesoma kwa ufasaha ukimpa mitihani ya nyuma kumi, unampa nafasi kumi za kubahatisha kuweka kivuli kwenye herufi. Wiki sita za kusoma zinaweza kumwokolea masomo yote. Na la kweli zaidi ni kwamba kazi hii ilitakiwa kufanyika darasa la tatu. Anayesikia leo mwenye mtoto wa la tatu asisubiri.

Wengine watasema hii ni kazi ya serikali. Ndiyo, kuajiri walimu na kujenga madarasa ni kazi ya serikali, na tuendelee kuidai bila kuchoka. Sera ya elimu iliyoboreshwa, iliyozinduliwa Februari 2025, inataka kila mtoto asome miaka kumi ya lazima. Miaka kumi ya kukaa bila kujua kusoma itakuwa adhabu. Hivyo tudai walimu, na tudai pia kipimo cha mtoto mmoja mmoja katika kila shule mwanzoni mwa mwaka. Wakati tunadai, watoto wanakua.

Ndugu msikilizaji, nina ombi moja kwako. Usiku huu, baada ya chakula, mwite mtoto wako wa darasa la tatu au zaidi. Mpe kitabu cha darasa la pili, asome kwa sauti ukurasa mmoja, akueleze kimesema nini. Mpe hesabu tatu: moja ya kujumlisha, moja ya kutoa, moja ya kuzidisha. Akikwama usimpige, wala usimseme. Andika alipokwama, na kesho ipeleke karatasi hiyo kwa mwalimu wake wa shule na wa tuisheni, uwaambie: naomba mwanangu aanzie hapa. Hiyo ni haki yake, na hela unayotoa inakupa wewe haki ya kuidai.